Gitaa Lililovaa Sare

Ukitazama video za zamani za kwaya yetu ya hapa Kikuyu, Dodoma, upande wa kulia, nyuma kabisa, utaona kiwiko. Kinatokea nyuma ya mama mmoja mnene, kinapanda kidogo, kinashuka kidogo, kinapotea. Mama mnene ni mimi. Kiwiko ni cha Batholomeo Mazengo, mpiga besi wetu, na kwa miaka yote aliyomtumikia Mungu kwa gitaa, ni hicho kiwiko tu kilichoingia kwenye video.

Batholomeo ni mfupi na mpole, na akiongea utadhani anaomba radhi. Kazi yake ni kuendesha guta, ile pikipiki ya matairi matatu, akipeleka mapipa ya maji na mifuko ya saruji kwa wanaojenga. Ni mtu wa kuwahi, lakini akishafika watu bado huuliza kama amefika. Siku moja tulimfungia kanisani. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya spika anakunja nyaya, sisi tukazima taa, tukafunga mlango, tukaondoka zetu tukiimba. Mlinzi ndiye aliyemsikia. Alikuwa anagonga mlango kwa ndani, taratibu, anasema, "Hodi."

Na besi yenyewe ndivyo ilivyo. Ikiwepo husemi kitu, lakini ikikosekana wimbo unakuwa kama uji uliosahauliwa kutiwa unga. Sasa huyu mtu asiyeonekana alikuwa anapiga kitu kisichosikika, na hilo lisingemsumbua hata kidogo kama si baba yake.

Baba yake, Mzee Mazengo, anaishi kijijini Mvumi. Ujana wake alipiga zeze, na mpaka leo wapo wazee wanaokumbuka sherehe walizocheza yeye akiwa amekaa katikati. Mzee alifurahi sana mwanawe aliposhika gitaa. Kila video yetu ilipotoka alikwenda dukani kwa jirani mwenye simu kubwa, wazee wenzake wakakusanyika, akaanza kuwatambulisha.

"Mwanangu yuko hapo. Nyuma ya huyu mama mnene."

"Wapi?" anauliza Mzee Matonya, rika lake, ambaye tangu wakiwa wachunga ng'ombe hajawahi kumwachia jambo lipite bure.

"Hapo. Huoni kiwiko?"

"Kiwiko naona. Hata mimi ninacho."

"Basi msikilize anavyopiga."

Hapo ndipo shida ilipozidi, maana simu haitoi sauti ya besi. Unasikia kibodi, unasikia waimbaji, unasikia hata kuku wa jirani wa mahali tuliporekodi. Besi husikii. Matonya akatega sikio, akasema, "Mazengo, umezeeka vibaya. Umeanza kutuonyesha watu ambao hawapo."

Wazee wakacheka, na Mzee Mazengo akaacha kwenda dukani. Jioni moja alimpigia mwanawe simu, na Batholomeo akaja kunisimulia huku anautazama mguu wa cherehani yangu. Mimi ni mshonaji, sare zote za kwaya ni mkono wangu, kwa hiyo watu huja kunieleza mambo yao nikiwa nimeinama na wao hawalazimiki kunitazama usoni.

"Kaniuliza, Mama Denis. Kasema, 'Batho, niambie ukweli, mimi ni baba yako. Hilo gitaa unapiga, au unawabebea wenzio?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia napiga. Halafu akasema, 'Haya, mwanangu,' kama unavyomjibu mtoto anayekwambia ameona simba chooni."

Niliacha kushona. Yule mzee alikuwa haamini tena, na Batholomeo angeweza kuvumilia kutoonekana na dunia nzima, lakini si na baba yake.

"Nataka gitaa ambalo mtu akilitazama hawezi kutazama pengine," akasema. "Nitaagiza kwa fundi. Nisindikize. Nikienda peke yangu hataniona."

Mwenyekiti wetu Jenifa alipinga. Yeye ni mama wa utaratibu, anafanya kazi ofisini, na hata akisali unasikia kwamba ameweka ajenda. "Gitaa linanunuliwa dukani," alisema. "Unaliona, unalishika, unaondoka nalo. La kuagiza hulioni mpaka liishe, na likishaisha ni lako hata kama lina pembe." Tulimsikiliza kwa heshima, kisha tukaenda kwa fundi, mtaa wa Miyuji.

Fundi Shaaban ni Mrangi wa kijiji cha Busi, mzee mwembamba wa kofia nyeupe na penseli sikioni. Hatengenezi vitanda wala madirisha. Anatengeneza magitaa, moja baada ya jingine, na kabla hajakubali kazi yako anakuhoji kama vile umekuja kuposa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kaeni. Unataka lilie vipi?"

"Nataka lionekane," Batholomeo akajibu.

Fundi akavua miwani. "Nimeuliza kulia."

"Lilie vizuri, fundi. Halafu lionekane."

Fundi akanigeukia mimi. "Mama, huyu ni mwanao?"

"Ni ndugu yangu katika Bwana."

"Basi kazi unayo." Lakini alitabasamu, akachukua utepe akampima Batholomeo mkono, kifua, na kutoka begani mpaka kiunoni, sawasawa na mimi ninavyopima suti, nikampenda hapo hapo. Kisha akasema mbao mpya hatumii. Ubao mpya ukifika kwenye ukavu wetu huu wa Dodoma unajikunja, na shingo ya gitaa ikijikunja hakuna wimbo. Anataka mninga wa zamani, uliokwisha kukaukia ndani ya nyumba ya mwenyewe. "Nitakuja kwako nichague," akasema.

Akaja kweli. Mke wa Batholomeo, Anna, alimkaribisha chai, na fundi akaanza kuzunguka nyumba anagonga vitu kwa kidole na kutega sikio. Akagonga meza, akatikisa kichwa. Akagonga kabati, akaguna. Akaomba radhi, akaingia chumbani, tukasikia anagonga mara mbili.

"Huu unasema," akaita.

Alikuwa amesimama kwenye kitanda cha ndoa, mkono juu ya ubao wa kichwani, mninga mzito mwekundu waliopewa na wajomba wa Anna.

"Unasema nini?" Anna akauliza.

"Unasema du-u-u-m."

"Hata wewe, babu, nikikugonga utasema dum."

"Mimi nitasema 'aah', mjukuu wangu. Nimeshazeeka, sina mlio."

Anna akacheka bila kupenda, na mwanamke akishacheka ubao umeshaondoka. Waliufungua wao wenyewe, wakaupakia kwenye guta. Tangu siku hiyo mito yao ilikuwa inadondoka nyuma ya kitanda, na Anna akisimama asubuhi kuiokota alikuwa anaitaja Miyuji kwa namna ambayo siiandiki hapa.

Ikabaki rangi. Fundi alisema rangi za kopo hufifia kwa jua. "Nyie watu wa kwaya si mna sare? Nileteeni kitambaa chake. Nitalivisha gitaa, nipige vanishi juu yake, tena na tena, mpaka kitambaa kiwe kama kimelala ndani ya kioo."

Jamani, wazo lile lilitupendeza! Kwetu kwaya ni sare. Kibodi yetu ina kifuniko cha sare, ngoma imezungushiwa sare, hata kapu la sadaka siku ya sikukuu lina utepe wa sare. Gitaa liachwe uchi kwa nini? Sare mpya ilikuwa bado sijaimaliza kushona: kitenge cha njano chenye tausi wa buluu, mkia umefunguka, kila unyoya una jicho lake. Nilikuwa nimeweka pembeni kipande chenye tausi mzima, nikitaka kujishonea pochi. Nikakitoa. Hata Jenifa aliposikia alilegea, akasema, "Kama ni sare, sawa."

Tulikuwa tumekubaliana lipatikane mapema, maana video mpya tungerekodi zabibu zikiiva, kwenye shamba la mzee mmoja wa kanisa letu huko Hombolo. Lakini fundi wa aina ile humwagizi, unamwombea. Mara gundi haijakauka. Mara zile sumaku za kunasa sauti zimefika lakini hazijampendeza. Mara amekwenda Busi kuvuna, na Batholomeo akimpigia simu anasikia upepo, mbuzi, na fundi akisema, "Usiniulize gitaa nikiwa na mundu." Aliporudi akasema shingo ameifanya na haikumridhisha, anaianza upya. Batholomeo akakonda, guta akaliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mimi nikafunga na kuomba, na nikiri, katika maombi yale nilimtaja fundi kwa jina na makazi.

Likafika siku moja tu kabla ya kwenda Hombolo.

Fundi alililaza juu ya meza ya Anna, akalifunua. Tausi alikuwa pale katikati, mkia wake umezunguka tumbo lote la gitaa, na vanishi imemfanya ang'ae kama amenyeshewa sasa hivi. Batholomeo akaliunganisha kwenye spika, akagusa uzi mmoja. Vikombe vya Anna vilitetemeka kabatini.

"Du-u-u-m," fundi akasema taratibu.

Anna aliupapasa mgongo wa gitaa pale ubao wake ulipoachwa wazi. "Ubao wangu umerudi nyumbani umevaa kitenge," akasema. "Mimi bado navaa cha mwaka juzi." Lakini macho yake yalikuwa yanacheka. Batholomeo alimpigia baba yake simu hapo hapo. "Baba, safari hii utaniona." Mzee akajibu, "Haya, mwanangu." Haya ileile.

Kesho yake tukafika shambani jua likiwa bado jepesi. Zabibu zimening'inia nyeusi tii, sisi akina mama tumepanga mistari, wote njano, wote tausi. Mpiga video wetu, Joel, kijana mwenye adabu lakini asiye na subira, aliweka kamera yake juu ya miguu mitatu. Nilimwambia Batholomeo asimame mahali pazuri, na mimi nikasogea hatua ili nisimzibe. Wimbo ukafunguliwa, tukaanza kuyumba. Joel akanyanyua mkono.

"Simamisheni! Yule kaka wa nyuma!"

"Mimi?" Batholomeo akauliza kwa furaha. Alikuwa ameonekana!

"Ndiyo, wewe. Acha kujikuna tumbo."

Tukageuka wote kutazama, na hapo ndipo nilipoona tulichokifanya. Batholomeo alikuwa amevaa shati la sare, njano na tausi. Mbele ya shati kulikuwa na gitaa, njano na tausi. Tausi wa gitaa alikuwa ametulia kabisa juu ya tausi wa shati, mkia kwa mkia, jicho kwa jicho, kama walishonwa pamoja. Gitaa halikuwepo. Kulikuwa na mtu mfupi aliyesimama kwenye zabibu, mkono mmoja hewani, mwingine unakwaruza kitovu.

Kwanza alicheka mtu wa ngoma, kisha sauti ya pili, kisha sote. Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Batholomeo pia alijaribu kucheka. Halafu akalitazama gitaa lake kwa muda, akasema polepole, "Baba nimeshamwambia."

Kicheko chetu kikaisha pale pale.

Tulijaribu kila kitu. Tulimsogeza mbele, akawa mtu anayejikuna tumbo mbele. Tulimweka ubavu, akaonekana ana kitambi kinachoenda na mdundo. Mtu mmoja akashauri taulo jeupe lipite kati ya gitaa na shati, Joel akachungulia kwenye kamera akasema sasa anafanana na kinyozi.

"Avue shati basi," akasema yule wa ngoma. "Avae langu la nyumbani, jeupe."

"Asiye na sare hasimami na kwaya," Jenifa akasema. Hakusema kwa ubaya. Ni kanuni yetu, tena siku ile ilipopitishwa wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Batholomeo.

"Mwenyekiti, mara hii moja."

"Nikimruhusu yeye, Jumapili ijayo kuna atakayekuja na fulana ya mpira. Tunawajua."

Jua likazidi kupanda. Joel akaanza kutazama saa kwa namna ya kutaka tumwone anatazama. Batholomeo akalivua gitaa, akalifuta vumbi kwa kiganja, akasema, "Haidhuru. Nitasimama palepale pa zamani, nyuma ya Mama Denis. Rekodini tu."

Kile kitambaa nilikijua kuliko wote pale. Nilikikata mimi, nikakishona mimi. Kilikuwa kitenge cha bei ya kwaya, kilichochapwa upande mmoja. Kwa nje ni tausi, kwa ndani ni cheupe cheupe kama chai iliyozidiwa maziwa. Akigeuza shati, atakuwa amevaa sare, na gitaa litawaka juu yake kama taa.

Lakini nilijua pia kilichoko huko ndani. Mashati ya wanaume niliyashona mwishoni, nikiwa na haraka. Uzi wa njano uliniishia nikamalizia na mwekundu. Kwenye kwapa nilirudia mara tatu. Kola ina kiraka cha shuka. Nyuzi zinaning'inia kama mizizi ya mhogo. Nami ni mshonaji wa Kikuyu, wateja wangu wote hutazama video za kwaya, na wenzangu wa cherehani hutazama zaidi ya wateja.

Nikafumba macho nikasema, Bwana, kama kuna njia nyingine niambie upesi. Nikasubiri kidogo. Nilichosikia ni nyuki tu wa kwenye zabibu.

"Batho," nikaita. "Ligeuze."

"Gitaa?"

"Shati. Vaa ndani nje."

Jenifa akafungua mdomo. Nikamwahi. "Kitambaa ni kilekile, mwenyekiti. Mshono ni uleule. Kanuni inasema avae sare, haikusema upande."

Jenifa akafikiri. Unaona kabisa anapitia kanuni kichwani, moja moja. "Ni kweli," akasema mwishowe. "Haikusema upande."

Batholomeo akaingia kati ya mizabibu, akatoka na mishono yangu yote nje. Watu walinyamaza kwa heshima, isipokuwa mama mmoja wa sauti ya kwanza aliyeninong'oneza, "Mama Denis, na langu ndani liko hivyo?" Batholomeo akavaa gitaa, na tausi akaruka. Sijui niseme vipi zaidi. Joel akachungulia kwenye kamera, akainua kichwa, akachungulia tena. "Huyo sasa kaka!" akasema. "Wewe mama mkubwa, sogea kushoto. Zaidi. Zaidi, mama. Asante." Nikasogea mpaka nikatoka kabisa kwenye picha, nikaimba nikiwa nimesimama na mbuzi wa mwenye shamba.

Video ilipokamilika, Batholomeo, Anna na mimi tulikwenda Mvumi. Mzee Mazengo alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, hakutaka kutoka. "Nitaitazama hapa hapa kwenye simu yako," akasema. "Dukani kuna watu wengi."

"Baba, twende dukani," Batholomeo akasema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema neno bila kuliombea radhi.

Tukaenda. Wazee walikuwepo, na Mzee Matonya yupo mbele kama mwenye duka.

"Mbukwenyi," Mzee Mazengo akawasalimu, akasimama nyuma kabisa, pembeni. Nilijua sasa tabia ile ya mwanawe ameitoa wapi.

Wakaitikia. Simu kubwa ikaegemezwa kwenye debe la mafuta. Wimbo ukaanza: zabibu, akina mama, njano tupu. Kisha Joel, Mungu ambariki, akawa amesogeza kamera mpaka kwa Batholomeo, ikatulia hapo. Tausi aliijaza simu nzima.

"Mama yangu!" mtu akasema.

"Nani huyu?" Matonya akauliza. "Nani huyu mwenye ndege, aliyevaa shati ndani nje?"

Mzee Mazengo akajipenyeza kati ya wenzake, akaikaribia simu, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa. Alitazama vidole vya mwanawe vinavyopita kwenye nyuzi, na niliona vidole vyake mwenyewe vinacheza kidogo juu ya fimbo, vikifuata.

"Huyo," akasema, "ndiye mwanangu."

"Huyu aliyegeuza nguo?"

"Huyo huyo."

"Mbona kaigeuza? Anaumwa?"

Mzee akajinyoosha. "Matonya, wewe muziki huujui. Wapiga besi wote ndivyo wanavyovaa."

Matonya akajaribu jingine. "Lakini bado simsikii."

"Kumwona umemwona?"

"Nimemwona."

"Basi. Kusikia, njoo kanisani."

Na akaja! Kwaya ilipoalikwa Mvumi, Mzee Matonya, ambaye kanisa alikuwa analijua kwa paa lake tu, aliketi mbele ya spika kubwa. Besi ilipoanza alishika kifua chake kwa mikono miwili, akamtazama Mazengo kwa mshangao, na Mazengo akamwitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea salamu iliyochelewa.

Sasa imebaki shida moja, na imeniangukia mimi. Baada ya maneno yale ya Mzee Mazengo dukani, Batholomeo hawezi kupanda jukwaa lolote upande wa Mvumi akiwa amevaa shati sawasawa. Watu watasema huyu si mpiga besi. Kwa hiyo shati lake nimelifumua lote. Nimelishona upya kwa uzi wa njano, nikakunja kila mshono, kiraka cha kola nikakiondoa, na kwa ndani nikaweka hata mfuko. Anna naye nimemkatia gauni kwenye kitambaa kilichobaki. Alipokuja kulichukua aliligeuza kwanza ndani, akalikagua, ndipo akanishukuru.